Hadithi Inaanzia Mwaka Gani?

Tarehe 22 Julai 1920 Kigoma haikuwa chini ya Mwingereza. Bendera iliyopepea bandarini ilikuwa ya Ubelgiji, askari walitoka Kongo, na mtu wa Ujiji mwenye shauri alilipeleka kwa ofisa wa Kibelgiji. Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916 na kuwaondoa Wajerumani. Septemba mwaka huohuo wakaitwaa na Tabora. Tabora hawakukaa nayo sana, waliwaachia Waingereza. Kigoma waliishikilia mpaka Machi 1921.

Sasa muulize wakili yeyote wa Tanzania Bara sheria ya Kiingereza iliingia lini nchini humu. Atakujibu bila kupepesa macho: 22 Julai 1920. Sheria inayoziambia mahakama zetu zitumie sheria zipi, Sura ya 358 ambayo wenyewe huiita JALA, inaitaja siku hiyo mpaka leo. Palipo na pengo katika sheria zetu, jaji anaruhusiwa kuchota kwenye kanuni za mahakama za Uingereza, kanuni zao za usawa, na sheria za Bunge lao zenye matumizi ya jumla, kama zilivyokuwa siku ile. Hakuna kifungu kinachosema "isipokuwa Kigoma". Kwa hiyo wakili msomi anayesimama Mahakama Kuu hapa mjini na kunukuu kanuni ya London ya karne ya 19, amesimama juu ya siku ambayo London haikuwa ikitawala hata mtaa mmoja wa mji huu.

Hajamdanganya mtu. Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekwisha kugawana kwa kalamu mwaka 1919, na kwa kalamu Kigoma ilikuwa upande wa Mwingereza. Kilichobaki ni watu wenye bunduki kuondoka. Sheria ilihesabu kalamu. Mzee aliyekuwa akilipa kodi kwa Mbelgiji alihesabu bunduki.

Mimi si mwanasheria. Nilifundisha historia sekondari, Tabora kwanza kisha Kigoma, na tangu nistaafu nimejikuta na kazi ambayo sikuiomba: mawakili hunipigia simu. Ni vijana wenye adabu, baadhi niliwafundisha. "Shikamoo Mwalimu, nina shauri la ardhi kesho, nisaidie kitu kidogo." Kitu kidogo chenyewe ni mwaka. Huwa hawaulizi nini kilitokea, wala nani aliumia, wala kwa nini watu wa bonde lile walihamia kilimani. Wanataka mwaka, na wakiupata wanashukuru na kukata simu.

Zamani niliona ni uvivu. Siku hizi naona wanajua wanachofanya kuliko nilivyodhani. Katika mashauri ambayo historia inaingia, nusu ya vita huwa imekwisha kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa, pale upande mmoja unapofanikiwa kuipangia mahakama hadithi ianzie mwaka upi. Ukishakubali mwaka wa mwenzako, kinachobaki ni kuhesabu.

Mwaka 1888 Mwingereza F. W. Maitland, alipokuwa akianza kazi ya uprofesa wa sheria Cambridge, alieleza kwa nini watu hawa wawili, wakili na mwanahistoria, husoma karatasi moja wakaona vitu viwili. Mwanasheria, alisema, anatafuta mamlaka, na kadiri ilivyo mpya ndivyo inavyomfaa. Mwanahistoria anatafuta ushahidi, na kadiri ulivyo wa zamani ndivyo ulivyo bora. Nililielewa jambo hili vizuri zaidi pale Ujiji kuliko kwenye kitabu. Mgeni akifika kwenye kumbukumbu ya Livingstone anaonyeshwa miembe, na anaambiwa imetokana na ule mwembe ambao Stanley alimkuta mzee yule chini yake mwaka 1871. Kwa wakili huo ni mnyororo kamili: mwembe mama, kipandikizi, mwembe wa leo, na jiwe la kumbukumbu juu yake, na kielelezo kinapokelewa. Mwanahistoria atauliza kwa nini kurasa za daftari la Stanley zinazohusu siku ile zilichanwa, na kwa nini tarehe aliyoitangaza, 10 Novemba, inabishaniwa mpaka leo. Wote wawili wamesimama kivuli kimoja.

Lakini mfano mkubwa wa mji huu hauko Ujiji. Uko bandarini.

Tarehe 15 Machi 1921, mwezi uleule Wabelgiji walipokuwa wakifungasha, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba. Ubelgiji ilipewa maeneo mawili, moja Dar es Salaam na jingine hapa Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kodi wala usumbufu. Pango lilikuwa la milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakaja kuitwa Belbase. Mwaka 1951 mkataba ulifanyiwa marekebisho, ila umilele wake haukuguswa.

Ikafika 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Bungeni Dar es Salaam na kulieleza taifa lisilozaliwa bado kwamba mikataba ile haitalifunga. Hoja yake haikuwa ya hasira. Alisema kwamba pango la milele katika ardhi ya Tanganyika haliwezi kupatana na mamlaka ya nchi huru, pale linapotolewa na mtawala ambaye haki zake mwenyewe katika nchi hiyo zilikuwa za muda. Uingereza ilikuwa mdhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, baadaye chini ya Umoja wa Mataifa. Aliyepewa mbuzi wa kuchunga hana uwezo wa kumtoa mahari.

Hoja hiyo pamoja na msimamo wa jumla uliofuata, kwamba mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa ingepewa miaka miwili ya kuangaliwa kabla ya kuachwa, vimeingia katika vitabu vya sheria ya kimataifa kwa jina la Mwalimu. Julai 1962 serikali iliutumia msimamo huohuo kuukataa mkataba wa maji ya Nili wa 1929. Wanafunzi wa sheria duniani wanaisoma hoja ambayo kitu chake halisi ni gati la Kigoma. Nimeona niliseme, maana hapa mjini watu wanapita pale kila siku wakielekea kununua dagaa na hakuna kibao.

Sasa itazame hoja hiyo kwa jicho la mwaka wa kuanzia. Hadithi ya Mwalimu inaanza pale Uingereza inapokabidhiwa nchi kama amana. Ukianzia hapo, Ubelgiji ni mpangaji aliyepewa chumba na mtu asiye na hati, na shauri limekwisha.

Mwanasheria wa Kibelgiji angeanzia 1916. Angesema: sisi ndio tuliopigana tukaichukua Kigoma na Tabora, wapagazi wa Kongo walikufa njiani kwa maelfu, reli ya kati ilikuwa mlango wa mashariki wa koloni letu, na Machi 1921 tulitoa wilaya nzima tukapewa kipande cha bandari. Kwake yeye ile faranga moja haikuwa kodi hata kidogo, ilikuwa alama, na bei yenyewe ilikwisha kulipwa kwa Kigoma. Katika hadithi hii Ubelgiji ni mtu aliyebadilishana mali, halafu miaka 40 baadaye mwenzake akafa na warithi wakasema biashara haikuwapo.

Tena kuna jambo dogo ambalo lingeweza kutumiwa na pande zote mbili. Hati ya udhamini wa Tanganyika iliidhinishwa na Baraza la Shirikisho la Mataifa Julai 1922. Mkataba wa Belbase ni wa Machi 1921. Yaani siku Uingereza ilipotoa pango la milele, karatasi ya kuifanya mdhamini ilikuwa bado haijakamilika. Wakili wa Tanganyika angesema: mnaona, hakuwa hata na hiyo haki ya muda. Wa Ubelgiji angejibu: na kikomo cha mdhamini nacho kilikuwa hakijamfunga. Nimewahi kuwauliza mawakili wawili swali hili kwa nyakati tofauti, na kila mmoja alicheka akaomba nisilirudie mbele ya mpinzani wake.

Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi, kwa sheria na kwa siasa. Nchi inayoanza maisha haiwezi kuanza na mpangaji wa milele sebuleni. Ninachotaka kionekane ni kwamba usahihi wake ulitokana na kuchagua mwanzo, na kwamba kuna mwanzo wa tatu ambao hakuna wakili aliyewahi kulipwa ausimamie: ule wa kabla ya reli kufika hapa mwaka 1914, wakati ufuko ule ulipokuwa wa wavuvi na wenye mashamba ya juu yake. Wajerumani waliujengea gati, Wabelgiji wakaliteka, Waingereza wakalipangisha, Tanganyika ikalidai. Hao wa kwanza hawamo katika aya yoyote ya mkataba.

Marekani wamelifikisha jambo hili mbali kuliko sisi, na wamejikwaa. Mwaka 2022, katika shauri la Bruen kuhusu silaha, Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba serikali ikitaka kumzuia mtu kubeba bunduki ni lazima ionyeshe kuwa katazo lake linaendana na desturi ya kihistoria ya nchi. Sheria ya New York iliyokuwa imedumu tangu 1911 ikaanguka. Swali likazuka hapohapo: desturi ya lini? Ya 1791, kifungu cha silaha kilipoingia katika katiba, au ya 1868, yalipopitishwa marekebisho yaliyokifanya kizifunge serikali za majimbo? Mahakama ikaacha swali bila jibu. Majaji wa chini wakajikuta wakisoma kanuni za miji midogo ya karne ya 18, hata mmoja wa Mississippi akawauliza wahusika kwa maandishi kama amteue mwanahistoria wa kumsaidia. Mwaka 2024, shauri la Rahimi, Mahakama ikalegeza kamba na kusema haihitajiki sheria ya kale iliyo pacha wa sheria ya leo. Wenyewe wana jina la dhihaka kwa mambo haya: historia ya ofisini kwa wakili. Tusicheke sana. Sisi tunayo, ila yetu inavaa kandambili na kukaa kwenye mabenchi ya baraza la ardhi.

Nilikaa kwenye benchi moja kama hilo, shauri la shamba la michikichi huko nje ya mji. Shahidi alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, kofia mkononi. Wakili alikuwa kijana, mpole, na hakumvunjia heshima hata mara moja.

"Mzee wangu, shamba hili ulilipata mwaka gani?"

"Nilizaliwa humo, mwanangu."

"Nakuelewa, mzee. Lakini baraza linataka mwaka."

"Mwaka siujui. Najua mwaka tuliohamishwa. Wa Operesheni. Walikuja na magari, baba akaacha michikichi imesimama na mihogo haijang'olewa."

"Hiyo ni sabini na nne?"

"Kama unasema."

Wakili akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba shahidi amekiri kuondoka katika eneo la mgogoro mwaka 1974."

Sikiliza vitenzi. Mzee alisema *tulihamishwa*. Kumbukumbu ikaandika *kuondoka*. Mzee alisimulia, na kumbukumbu ikasema *amekiri*. Na ile "kama unasema", ambayo kwa mzee wa huku ni adabu ya kutombishia kijana aliyesoma, ikageuka kuwa tarehe. Hakuna uongo uliosemwa. Hata hivyo historia iliyotoka mle chumbani haikuwa ile iliyoingia.

Na mwaka ule ulikuwa na kazi yake. Huku Kigoma operesheni ya vijiji ilianza mapema, 1972, kabla ya mikoa mingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, inasema kwamba ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia au kuhamishiwa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 unathibitishwa kuwa halali, uwe ulifanywa kwa kufuata sheria au kinyume cha sheria. Isome tena sehemu hiyo ya mwisho. Wakili aliyeuchomoa mwaka 1974 kinywani mwa mzee hakuwa akitafuta historia. Alikuwa akimwingiza ndani ya mabano.

Kifungu hicho nakipenda na kukichukia kwa wakati mmoja. Kina ukweli wa aina yake. Hakidai kwamba kabla ya 1970 ardhi ilikuwa tupu, wala kwamba watu walihama kwa hiari. Kinasema: tunajua palikuwa na uvunjaji wa sheria, na tumeamua kutofungua mlango huo. Bila hicho vijiji vingi vingekuwa mahakamani vikishtakiana mpaka leo, jirani na jirani, mjukuu na mjukuu. Kinachoniuma ni wakili anayechukua tarehe ambayo Bunge liliiweka kama ukuta, akaitangaza kama mwanzo wa dunia. Mahame ya watu yangalipo, na michikichi iliyopandwa na mkono wa mtu bado inazaa. Hiyo nayo ni hati, ingawa haina muhuri.

Kabla ya kifungu hicho palikuwa na shauri ambalo kila mwanasheria wa ardhi nchini analijua, la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Mahakama ya Rufani ililiamua Desemba 1994, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu. Mwaka 1992 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoandikishwa, bila fidia, na kuzifungia mahakama mlango. Serikali ilijenga hoja kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi si mali ambayo katiba inailinda.

Hoja hiyo ina ukoo mrefu, ukijua pa kuanzia. Amri ya Mfalme wa Ujerumani ya 26 Novemba 1895 iliitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa ya Dola, na anayedai ni yake alete uthibitisho. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya 1923 ikaiita ardhi ya umma, chini ya Gavana. Ukianzia 1895 au 1923, Mtanganyika ni mtu anayeruhusiwa kukaa.

Nyalali alianzia kwingine. Alirudi kwenye masharti ambayo Uingereza ilipewa nchi kwayo, udhamini wa kwanza na ule wa pili, yaliyomtaka mtawala azingatie sheria na mila za wenyeji katika mambo ya ardhi. Mtawala aliyefungwa na masharti hayo hawezi kusemwa alizifuta haki za wenyeji kwa kuandika maneno "ardhi ya umma". Kisha akasema kitu ambacho mtu yeyote aliyekaa benchi la baraza angeelewa: kama serikali iko sahihi, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara ni wavamizi katika nchi yao wenyewe. Vifungu vilivyonyima fidia na kufunga mlango wa mahakama vikaanguka.

Ona kwamba ni silaha ileile ya Mwalimu ya 1961. Udhamini ulioitoa Belbase mikononi mwa Mbelgiji ndio uliotumika kumlinda mkulima dhidi ya serikali ya nchi huru. Tena Nyalali aliongeza kachumbari. Alinukuu maandishi ya Mwalimu ya 1958, ambamo anaeleza kwamba mtu anayetumia nguvu na akili yake kufyeka kipande cha ardhi anakuwa amekitia kitu chake mwenyewe. Mwalimu wa 1958 akaitwa kuwa shahidi wa watu waliopoteza mashamba katika operesheni za Mwalimu wa miaka ya sabini. Sijui kama jaji alitabasamu alipoiandika aya hiyo. Mimi nilitabasamu.

Bunge lilijibu miaka mitano baadaye kwa yale mabano ya 1970 hadi 1977.

Mila nazo zimepewa tarehe. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 liliandika kanuni za mirathi za kimila, na kumweka binti daraja la mwisho. Wanaume wanaolitaja husema "tangu mababu". Ni picha iliyopigwa 1963, watu wakiwa wamesimama kama walivyosimamishwa siku hiyo, na anayedai mababu aliowataja walisimama hivyo kwa miaka mia alete ushahidi kama wengine.

Panapouma zaidi katika mkoa huu ni kwenye uraia. Katiba ya Uhuru ya 1961 iliweka kanuni inayoonekana nyepesi: aliyezaliwa Tanganyika, na akawa chini ya ulinzi wa Uingereza tarehe 8 Desemba 1961, anakuwa raia kesho yake, mradi mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Dar es Salaam hilo ni swali la dakika mbili. Lipeleke Buhigwe au Kakonko.

Chukua mtu aliyezaliwa kijiji cha mpakani mwaka 1940, ambaye baba na mama walizaliwa karibu na 1910, nyumba moja upande huu wa mto, nyingine ng'ambo. Mwaka 1910 Buha, yaani huku kwetu, na Urundi zilikuwa koloni moja, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nchi yenye jina la Tanganyika haikuwapo mpaka 1920. Mpaka wenyewe na Ruanda-Urundi uliandikwa kwa kina katika itifaki ya Agosti 1924, Waingereza na Wabelgiji wakikubaliana mto upi na kilima kipi. Sasa wazazi wale walizaliwa Tanganyika? Sheria ina jibu: angalia mahali walipozaliwa kwa ramani ya 1961. Jibu hilo linafanya kazi, na jaji hawezi kwenda nyumbani bila jibu. Ila ujue limefanya nini. Limemshika mwanamke aliyejifungua 1910, asiyewahi kuona ramani, likamuuliza alikuwa upande gani wa mstari uliochorwa miaka 14 baadaye.

Na nani alete ushahidi? Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, ilisema kwamba mtu aliyekuwa akichukuliwa kuwa raia, akashikilia kuwa ni raia, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kwa serikali inayomkana. Ni hukumu juu ya mzigo wa ushahidi, lakini kwa jicho langu ni hukumu juu ya historia: ikiwa kumbukumbu za 1910 hazipo, hasara ya kutokuwapo isimwangukie yule ambaye hakuwa na kazi ya kuzitunza.

Hapo ndipo wazee wanaporudi. Sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ilimkalisha mwenyekiti wa baraza la wilaya pamoja na wazee wa baraza, na Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi kwa sababu tu maoni yao hayakusomwa mbele ya wadaawa. Mawakili huiona hiyo kama mtego wa utaratibu. Mimi huona kwamba nchi hii ilikuwa na jibu la swali la yule jaji wa Mississippi, na tumelifanya kuwa sahihi mbili chini ya ukurasa. Kanada, mwaka 1997, shauri la Delgamuukw, Mahakama ya Juu ilisema simulizi za mdomo za wenyeji zipimwe kwa uzito sawa na karatasi. Haikusema ziaminiwe zote. Wazee hudanganya, tena kwa ufundi. Nimemsikia mmoja akimhamisha babu yake kutoka kilima kimoja hadi kingine ndani ya mapumziko ya chai. Ila na karani wa koloni aliyeandika "ardhi tupu" bila kushuka kwenye machela naye alikuwa shahidi mwenye maslahi, na yeye hakuna anayemhoji, maana amechapwa.

Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Faida moja ambayo sikuitegemea ni kwamba sasa wazee wanasomewa hati za madai wanazielewa, na wanabisha. Jirani yangu mmoja alisomewa aya ya tatu ya hati aliyoandikiwa na wakili wake mwenyewe, inayosema familia yake imekalia eneo hilo "tangu enzi na enzi". Akasema aifute. Babu yake alifika na reli.

Wakili alinipigia jioni ile, amekereka. Enzi na enzi ilikuwa inamsaidia, na 1914 inampa mpinzani nafasi. Nilimpa miaka miwili: ule wa reli, na ule ambao mpinzani angeutaja akinipigia yeye. Huo ndio utaratibu wangu siku hizi, kila anayeuliza mwaka anapewa na wa upande wa pili. Simu zimepungua.